Marehemu Huombewa, au Huombwa?

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba, makaburi ya Wakatoliki kuanzia Bukoba hadi Songea huwa yameshafyekwa. Misalaba imepakwa rangi upya, vumbi limefutwa kwenye vigae, na mishumaa imechomekwa mchangani. Padre hupita kati ya safu akinyunyiza maji ya baraka, na kila familia hutaja kwa sauti ya chini majina ya watu wake. Ng'ambo ya barabara anapita jirani Mlutheri akielekea kazini. Naye amezika mama yake na anamkumbuka, lakini hatawasha mshumaa, na akiulizwa kwa nini hamwombei, atajibu kwamba mama tayari yuko mikononi mwa Bwana. Msabato wa nyumba ya tatu haoni hata haja ya kuulizana: kwake yeye aliyelala kaburini hasikii, hajui neno, wala hayuko mahali pengine popote mpaka siku ya parapanda.

Wote watatu ni Wakristo na wote wanangoja ufufuo. Kinachowatenganisha, Kiswahili kinaweza kukieleza kwa herufi moja. Kumwomba marehemu ni kumgeukia yeye mwenyewe umpe haja yako. Kumwombea marehemu ni kumwendea Mungu kwa niaba yake. Herufi hiyo e, iliyojibanza katikati ya kitenzi, ndiyo iliyochangia kulipasua Kanisa la Magharibi katika karne ya 16, na ndiyo inayofanya mpaka leo watu wa ukoo mmoja waliozikia kaburi moja wasikubaliane la kufanya siku ya arobaini.

Hata hivyo, midomo yao haifuati katekisimu zao. Msiba ukitangazwa redioni au kwenye kundi la WhatsApp, rambirambi huja za namna moja: Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi. Sentensi hiyo ni sala ya kumwombea marehemu, kwa kila kipimo. Mkatoliki huiandika kwa haki. Mlutheri huiandika ingawa mafundisho yake yanasema hukumu ya mama imekwisha kuamuliwa. Msabato naye huiandika, japokuwa anaamini hakuna roho iliyotoka mwilini kwenda kulazwa popote. Lugha imewaunganisha watu ambao sinodi na mitaguso iliwatenga.

Msamiati wenyewe una historia inayostahili kutazamwa. Marehemu ni neno la Kiarabu lenye maana ya aliyerehemiwa. Kwa hiyo mchungaji anayefundisha kwamba wafu hawaombewi hulitamka tamko la rehema kila anapomtaja mtu aliyekufa. Hayati, ambalo Watanzania hulitunza zaidi kwa viongozi, limetokana na neno la Kiarabu la uhai. Ni heshima ya ajabu kumwita uhai mtu ambaye hayupo. Pepo, ambako roho nzuri hulazwa, ni neno pacha na pepo wanaowapanda watu na upepo unaovuma.

Na kuzimu? Hapo ndipo palipofanyika jambo zito. Mzimu, katika lugha nyingi za Kibantu na kwa maumbo mbalimbali, ni roho ya mzee wa ukoo aliyetangulia, anayeweza kukasirika lakini ambaye bado ni baba. Kuzimu ni makao yake. Wafasiri wa Biblia walipotafuta neno la kubeba Sheoli ya Kiebrania na Hadesi ya Kigiriki, walilichukua hilo hilo. Kuanzia hapo, anapoishi babu pakawa mahali pa kuogopwa, jirani wa Jehanamu. Hakuna mtaguso ulioketi kuamua hivyo. Ulikuwa uamuzi wa meza ya tafsiri, na pengine ndio uliogusa mawazo ya Waafrika wa Mashariki kuhusu wafu wao kuliko mahubiri yoyote.

Aliyejaribu kuurudisha mzimu nyumbani kwa heshima alikuwa mwana wa Kitui. John Mbiti, kasisi wa Kianglikana aliyezaliwa mwaka 1931, alipata shahada ya uzamivu Cambridge mwaka 1963 kwa utafiti juu ya mafundisho ya siku za mwisho katika mazingira ya Wakamba, kisha akafundisha Makerere kwa miaka kumi. Kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kilieneza dhana ya wafu walio hai. Mtu akifa, alisema Mbiti, hatoweki. Hubaki katika wakati aliouita Sasa maadamu yuko mtu anayemkumbuka kwa jina, kwa muda wa vizazi vinne au vitano. Humwagiwa pombe, huwekewa chakula, hutajwa kwa watoto wanaozaliwa. Siku anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, huyo mfu huzama katika Zamani, akawa roho isiyo na jina.

Mbiti alichagua maneno mawili ya Kiswahili kwa ajili ya wasomaji wa dunia nzima, na yalimletea sifa na taabu. Taabu ilitokana na dai lake kwamba wakati wa Kiafrika una jana ndefu na kesho fupi mno, hivi kwamba Mkamba hakuwa na pa kuliweka tumaini la mwisho wa dunia. Wanafalsafa kama Kwame Gyekye wa Ghana walimpinga kwa ushahidi wa lugha zao. Mswahili naye angeweza kumpinga bila kufungua kitabu: kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Watu wanaohesabu siku zijazo kwa majina hivyo hawawezi kusemwa kwamba hawana kesho.

Lakini tukiliweka pembeni hilo la wakati, Mbiti aligusa jambo ambalo wakosoaji wake hawakulifuta. Kama mfu anaishi kwa kukumbukwa, basi uhai wake baada ya kifo uko mikononi mwa watoto wake. Asiye na mtoto amekufa mara mbili. Mtwana aliyeuzwa mbali na kwao, mgeni aliyefia safarini, mwanamke tasa, mtoto mchanga: hawa hawana wa kuwamwagia pombe. Utaratibu mzima wa wafu walio hai, kwa uzuri wake wote, ulikuwa utaratibu wa wenye ukoo.

Ni kwa hao wasio na ukoo kwamba tumaini la Kikristo liliingia pwani likiwa na jambo jipya la kusema. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na wakazi wake wa mwanzo wengi walikuwa watoto na vijana waliokombolewa kwa fedha kutoka soko la watumwa la Unguja. Mwaka 1875 chama cha wamisionari Waanglikana cha CMS kilianzisha Freretown, Mombasa, kwa ajili ya watu walioshushwa kutoka majahazi yaliyokamatwa baharini. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine, waliong'olewa makwao na kutupwa katika nchi isiyokuwa na kaburi hata moja la watu wao. Mababu zao walikuwa ng'ambo ya nyika wasiyoweza kuivuka kurudi. Dini iliyomwambia mtu wa aina hiyo kwamba jina lake linajulikana kwa Mungu, awe na mjukuu asiwe naye, haikuwa ikimnyang'anya mizimu, kwa sababu biashara ya watumwa ilikuwa imeshamnyang'anya. Makaburi ya misheni yakawa ukoo. Wanahistoria wanapoandika juu ya vijiji vile huzungumzia zaidi mashamba na nidhamu kali ya wamisionari, mambo ambayo ni ya kweli, lakini suala la nani atanikumbuka halikuwa dogo kwa mtu aliyefutwa hata jina.

Bara lilikuwa na hesabu tofauti. Huko watu walikuwa na koo zao, makaburi yao na matambiko yao, na mmisionari aliyewaambia waache kutambika aliwataka wamwache mzazi na njaa. Vuguvugu la Uamsho wa Afrika Mashariki, lililowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kusambaa Uganda, Buhaya na Kenya, lilikaza uzi huo. Aliyeokoka hakugusa pombe ya tambiko wala hakushiriki desturi za msiba. Wazee waliona hilo kuwa usaliti, na kwa mantiki yao walikuwa sahihi.

Ajabu ni kwamba Ukristo wenyewe ulikwisha kupitia jaribu hilo hilo, na ulilipitia Afrika.

Mwaka 203 mjini Carthage, katika Tunisia ya leo, mama kijana aitwaye Perpetua alifungwa akingoja kutupiwa wanyama. Shajara yake ya gerezani imehifadhiwa. Anasimulia kwamba jina la mdogo wake, Dinocrates, aliyekufa kwa ugonjwa wa uso akiwa na miaka saba, lilimtoka kinywani bila kutarajia wakati wa sala. Usiku akamwona katika njozi, mchafu na mwenye kiu, akijinyoosha kulifikia birika la maji lililomzidi kimo. Perpetua akamwombea siku nyingi. Kisha akamwona tena: kidonda kimekuwa kovu, ukingo wa birika umeshuka, mtoto anakunywa na kwenda kucheza. Hakukuwa na fundisho la toharani wakati ule, wala neno lake. Alikuwepo dada tu aliyeona kwamba mdogo wake ana kiu.

Karne mbili baadaye, Monika, mama yake Augustino, alikwenda Milano akiwa na desturi ya kwao Afrika: kupeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi. Mlinzi wa mlango alimzuia kwa amri ya Askofu Ambrose, kwa sababu desturi hiyo ilifanana mno na karamu za wapagani kwa wafu wao, na ilikuwa kisingizio kwa walevi. Monika alitii. Augustino, anayesimulia kisa hicho katika Maungamo yake, hakumcheka mama yake. Msomaji wa Afrika Mashariki akikifikia ukurasa huo huona nyumbani: mama mcha Mungu mwenye kikapu cha chakula makaburini, na kiongozi wa dini anayemwambia arudi nacho.

Monika huyo huyo alikuwa ameshaandaa kaburi lake Tagaste, pembeni mwa mumewe, na jambo hilo lilimhangaisha maisha yake yote. Alipougua Ostia mwaka 387, mbali na kwao, aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote, ila wamkumbuke madhabahuni. Augustino alipozeeka aliandika kijitabu kizima juu ya namna ya kuwatunza wafu, akijibu swali la Askofu Paulinus wa Nola: je, kuzikwa karibu na kaburi la mtakatifu kunamfaa marehemu? Alijibu kwamba fahari ya mazishi huwafariji walio hai kuliko inavyowasaidia wafu, lakini sala huwafaa wale walioishi hivi kwamba ziwafae. Jibu hilo limebeba mafundisho ya Kanisa Katoliki hadi leo.

Mengine yalifuata taratibu. Karibu mwaka 998 Abate Odilo wa Cluny aliwaagiza wamonaki wake wawaombee marehemu wote siku inayofuata Sikukuu ya Watakatifu Wote, na tarehe 2 Novemba ikazaliwa. Uzuri wa siku hiyo ni neno wote. Wanaombewa hata wasio na mtu wa kuwakumbuka, yaani wale ambao katika mpango wa Mbiti wangekuwa wamekwisha kuzama. Toharani, mahali au hali ya kutakaswa ambayo kwa Kiswahili ilipewa jina kutokana na tohara, ilithibitishwa na mitaguso ya Lyon mwaka 1274 na Florence mwaka 1439. Biashara nayo ikaja. Vyeti vya rehema vikauzwa kwa ajili ya wafu, na mwaka 1517 Martin Luther akapaza sauti.

Kinachosahauliwa na Walutheri wengi ni kwamba Luther hakuifuta ile herufi e moja kwa moja. Mwaka 1528, katika ungamo lake la imani, aliandika kwamba haoni dhambi mtu akimwombea marehemu kwa maneno yake mwenyewe, mara moja au mbili, kisha aache. Alichochukia ni misa za kulipiwa. Mtaguso wa Trento nao, ulipoitetea toharani mwaka 1563, uliwaagiza maaskofu waondoe ushirikina na tamaa ya mapato. Pande zote mbili ziliona uozo ule ule. Zilitofautiana juu ya kiasi cha kukata.

Tofauti hizo zilisafirishwa hadi kwetu zikiwa zimefungwa katika masanduku ya wamisionari, na zikapandwa kwa mikoa. Kanisa Anglikana la Tanzania ni mfano mzuri. Unguja, Tanga na Masasi ziliinjilishwa na Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyopenda ubani, kanzu za rangi na misa za kuwaombea wafu. Dodoma na Morogoro ziliinjilishwa na CMS, iliyoyaona hayo kuwa Urumi mtupu. Mwaka 1913 Askofu Frank Weston wa Zanzibar alifikia kuwashtaki kwa uzushi maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda, baada ya mkutano wa Kikuyu ambapo Waanglikana walishiriki meza ya Bwana na madhehebu mengine ya Kiprotestanti. Mwanglikana wa Masasi na wa Dodoma wana askofu mkuu mmoja, lakini marehemu wao hawajawahi kupata huduma ile ile.

Wasabato walifika Upare mwaka 1903 wakiwa na fundisho rahisi kuliko yote: mfu amelala, basi. Hakuna toharani, hakuna mzimu, hakuna wa kuombewa wala wa kuombwa. Kimantiki hakuna fundisho linalokata matambiko kwa ukamilifu zaidi ya hilo, kwa maana linaondoa hata mtu wa kumtambikia. Wapentekoste wamekwenda upande mwingine. Katika mikutano ya maombezi ya Dar es Salaam na Nairobi, mababu wapo, tena wana nguvu: kuna laana za ukoo za kuvunjwa, maagano ya mababu ya kukatwa, madhabahu za familia za kubomolewa, na mahali pengine misukule wa kurudishwa. Mchungaji anayepiga kelele dhidi ya mizimu kwa saa tatu huenda ndiye mtu anayeiamini kuliko wote mtaani. Babu amebaki na uwezo wake. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi hana jema lolote.

Yote hayo ni mafundisho, na mafundisho hupimwa siku jeneza linapofika. Hapo swali la kwanza huwa halihusu mbinguni kamwe. Huwa ni: anazikwa wapi?

Kenya ililijibu swali hilo mahakamani. Wakili Silvanus Melea Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe, Wambui Waiyaki Otieno, alitaka amzike katika shamba lao Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulimtaka Nyalgunga, Siaya. Upande wa mjane ulisema marehemu alikuwa Mkristo na mtu wa kisasa aliyeyaacha ya kikabila. Upande wa ukoo ulimleta hata mwanafalsafa Henry Odera Oruka kutoa ushahidi juu ya desturi za Wajaluo. Mwili ulikaa mochwari zaidi ya miezi mitano. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, na tarehe 23 Mei 1987 Otieno akazikwa Nyalgunga bila mjane kuwepo. Imani yake ya Kikristo ilitajwa na pande zote, lakini haikuamua kitu. Monika wa Ostia angeshangaa.

Pamoja na hayo, kinachoitwa desturi tangu jadi kina umri mfupi kuliko kinavyodaiwa. Wakikuyu wa kale hawakuwazika watu wa kawaida. Maiti au mahututi alipelekwa porini, na kaburi lilikuwa heshima ya wazee wachache wenye mali na wana. Ni wamisionari na serikali ya kikoloni waliomfanya kila Mkikuyu kuwa mtu wa kuzikwa. Kwa Wachaga na Wahaya hali ilikuwa nyingine: kaburi lilikaa nyumbani, katika kihamba au kibanja, chini ya migomba, na bado linakaa huko likiwa na msalaba juu. Kila Desemba, magari yanapopanda Kilimanjaro kutoka Dar es Salaam, wengi husema wanakwenda kula Krismasi. Nusu ya safari hiyo ni kwenda kuwaona waliolala nyuma ya nyumba. Padre huitwa kubariki kaburi na kuweka msalaba wa kudumu, mbuzi huchinjwa, na hakuna anayeuliza kwa sauti mbuzi huyo anachinjwa kwa jina la nani.

Hamu ya kumrudisha mtu kwao haina kabila. David Livingstone alipofia Chitambo, katika Zambia ya leo, mwezi Mei 1873, wasaidizi wake wakiongozwa na Susi na Chuma walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miezi hadi Bagamoyo, ulikofika Februari 1874. Ukalazwa katika misheni ile ile ya waliokombolewa kabla ya kupelekwa Westminster. Baadhi ya watu waliofanya kazi hiyo walikuwa wenyewe wameng'olewa makwao utotoni. Walijua vizuri kuliko wengi gharama ya kufia ugenini.

Wapo pia waliochagua kutokuwa na kaburi. Askofu Mkuu mstaafu wa Kianglikana wa Kenya, Manasses Kuria, aliuchoma mwili wa mkewe mwaka 2002, na yeye akachomwa mwaka 2005. Wangari Maathai alichomwa Kariokor mwaka 2011, katika jeneza la magugu maji, mafunjo na mianzi, maana hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Minong'ono ilikuwa mikubwa, hasa kanisani: atafufukaje? Kiteolojia swali hilo ni jepesi, kwa kuwa waliooza, walioliwa na samaki na waliochomwa wako sawa mbele ya Muumba, na Roma iliruhusu uchomaji tangu 1963, ingawa mwaka 2016 ilikataza majivu kutawanywa. Waombolezaji, hata hivyo, hawakuwa wakiulizia ufufuo tu. Walitaka kujua Desemba wangesimama wapi.

Yapo mahali ambapo maswali haya yote hunyamaza. Kanisa la Nyamata, kusini mwa Kigali, lilikuwa parokia hadi mauaji ya kimbari ya Aprili 1994, Watutsi walipokimbilia ndani wakiamini kwamba nyumba ya Mungu haiguswi. Leo halitumiki kwa ibada. Nguo za waliouawa zimelazwa juu ya mabenchi, na mafuvu yamepangwa kwenye rafu chini ya ardhi. Mwaka 2023 UNESCO iliiweka Nyamata katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na Murambi, Bisesero na Gisozi. Wapo Wakristo waliosema mifupa hiyo izikwe, kwa kuwa mwili unaongoja ufufuo haupaswi kuonyeshwa. Wapo waliosema ikizikwa, mauaji yatakanwa. Hoja ya pili ina nguvu ambayo mafundisho ya kawaida juu ya mazishi hayakuitazamia: waliouawa Nyamata waliuawa na majirani waliobatizwa, na mara nyingi ukoo mzima ulikwisha. Hakubaki wa kufyeka kaburi. Taifa zima, kila mwaka kuanzia Aprili 7, ndilo linalofanya kazi ya wajukuu.

Wanateolojia wa Kiafrika hawakukaa kimya. Charles Nyamiti, padre Mtanzania aliyefundisha kwa muda mrefu Nairobi, alitoa mwaka 1984 kitabu kinachomweleza Kristo kuwa Babu yetu, na Bénézet Bujo wa Kongo akaandika juu ya Kristo kama Babu wa kwanza anayewapa mababu wengine maana. Vitabu hivyo vimesomwa zaidi seminarini kuliko vigangoni. Kongo ndiko wazo lilikoshuka hadi kwenye benchi la muumini. Misale ya majimbo ya Zaire, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988 baada ya kazi ndefu ambayo Kardinali Joseph Malula aliipigania, huanza misa kwa kuwaita watakatifu, kisha kuwaita mababu wenye moyo mnyoofu waliomtafuta Mungu kabla Injili haijafika. Hawaombewi pale. Wanaitwa waje wasali pamoja na wazao wao. Roma imekubali maneno hayo, na Papa Francis mwenyewe aliadhimisha misa ya namna hiyo katika Basilika la Mtakatifu Petro Desemba 2019. Ni hatua kubwa kuliko inavyozungumzwa, na inashangaza kwamba maaskofu wa Tanzania na Kenya, ambao waumini wao hufanya mambo yale yale nyuma ya nyumba, hawajaomba ruhusa kama hiyo.

Huku Mashariki njia iliyochaguliwa imekuwa ya mashahidi. Kila tarehe 3 Juni, mahujaji kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, wengine kwa miguu kwa majuma, hufika Namugongo kwa Karoli Lwanga na wenzake waliouawa enzi za Kabaka Mwanga. Wakatoliki 22 kati yao walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Wengi wao walikuwa vijana waliokufa bila kuacha watoto. Kwa hesabu ya ukoo wangekuwa wameshasahauliwa, na sasa wana wajukuu wengi kuliko kabaka yeyote.

Namugongo ndiko pia mahujaji wa Kitanzania wamekuwa wakisali kwa ajili ya mtu ambaye kesi yake inagusa kila kitu kilichosemwa hapa. Julius Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa kwao Butiama, nyumbani, kama Mzanaki yeyote. Taifa humwita Hayati na Baba, maneno yanayomfaa mtu aliyekwisha kuwa babu wa watu wengi. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na tangu hapo Kanisa humwita Mtumishi wa Mungu. Muumini anaweza kumwomba kimyakimya, chumbani mwake, kwamba amsemee kwa Mungu, na wanaotafuta muujiza lazima wafanye hivyo. Lakini mpaka Roma itamke, hakuna kanisa linaloruhusiwa kumwomba hadharani. Siku itakapotamka, misa za kumwombea zitakoma, kwa sababu mwenye heri hana haja nazo. Kwa sasa, kila tarehe 14 Oktoba, misa inayosomwa ni ya kumwombea.